Kabla Uuziwe Injini Nyingine, Sikiza Historia ya Mpaka

Wasee, leo sitaongea siasa. Naongea juu ya gari inayotetemeka.

Hiyo gari unaijua. Iko Busia, iko Malaba, pengine iko hata kwenu. Ikiwa inatembea, iko sawa kabisa. Ikisimama tu kwa kizuizi cha polisi ama kwa foleni ya forodha, usukani unaanza kutetemeka, sindano ya mizunguko inapanda na kushuka, alafu injini inazima. Dereva anapiga starta. Inawaka. Inatetemeka tena. Abiria wa nyuma anasema, "Hii imezeeka, injini imekwisha." Fundi wa kwanza anasema hivyo hivyo. Wiki ijayo kuna mtu anauziwa injini nyingine.

Msimamo wangu ni huu: mara nyingi injini haijakwisha. Na kujua kilichoharibika, haitoshi kujua gari ni ya kampuni gani. Inabidi ujue historia ya gari yenyewe, historia ya mafuta iliyokunywa, na historia ya huu mpaka ambapo imesimama. Mengi yanayofanya gari kuukuu iteseke ikisimama huku kwetu yalianzia kwa uamuzi wa mtu fulani ofisini, miaka mingi kabla wewe uzaliwe. Mimi niliacha chuo kabla nimalize, kwa hivyo usiniite injinia. Lakini historia inasomeka, na boneti inafunguka. Twende.

Mji wa kusubiri

Kwanza, hii mipaka si ya tangu jadi. Mpaka mwaka wa 1902, magharibi yote ya Kenya ilikuwa sehemu ya Uganda, hadi karibu na Naivasha. Aprili ya mwaka huo Waingereza wakahamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakauweka chini ya himaya ya Afrika Mashariki, ile ambayo baadaye iliitwa Kenya. Hakuna aliyeuliza wenyeji. Waiteso na Wasamia wakajikuta pande zote mbili za mstari, shamba huku, mjomba kule.

Alafu ikaja reli. Ile ya kwanza kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Baadaye wakajenga njia nyingine kupitia Eldoret, ikapita Malaba na Tororo, na kufikia 1931 treni ilikuwa inaingia Kampala. Barabara kuu nayo ikafuata mkondo huo huo. Kuanzia hapo Malaba ikawa lango la Uganda, na nyuma ya Uganda kuna Rwanda, Burundi, Kongo na Sudan Kusini. Busia, kusini kidogo, ikawa lango la pili.

Sasa fikiria kazi ya lango ni nini. Nairobi gari inaenda. Malaba gari inasubiri. Hata neno "bodaboda" lilizaliwa hapa, juu ya nafasi iliyoko kati ya ofisi ya forodha ya huku na ile ya kule. Basi lilikuwa linakushukisha upande mmoja, na vijana wenye baiskeli wakawa wanakubeba kutoka boda hadi boda. Walianza Busia, Malaba ikafuata, na leo neno hilo linatumika Afrika Mashariki nzima. Wale vijana waligundua kitu ambacho serikali mbili hazikuwa zimekitambua: mahali watu wanasimama, kuna kazi.

Kwa miaka mingi lori lilikuwa linaweza kukaa hapo siku kadhaa. Dereva alishuka, akagongewa makaratasi upande wa Kenya, akasogea, akaanza upya upande wa Uganda. Kituo cha pamoja cha Busia kilifunguliwa rasmi na marais wa nchi zote mbili Februari 2018, na Malaba pia ikawekwa mfumo huo huo wa kukaguliwa mara moja tu. Muda wa kuvuka ukapungua sana. Lakini 2020 ilipokuja corona, na madereva wakawa wanasubiri matokeo ya vipimo, foleni ya Malaba ikarudi kuwa ya makumi ya kilomita.

Nimeleta hii yote kwa sababu injini inayosubiri haifanyi kazi sawa na injini inayokimbia. Gari ikitembea, upepo unasaidia kupoza radieta. Ikisimama, kila kitu kinategemea feni. Ikikimbia, plagi zinapata joto la kutosha kujisafisha. Ikisimama saa nyingi huku inanguruma polepole, masizi yanajikusanya kwa plagi, na mvuke wa oili unarudi kwa njia ya hewa na kuacha utando mweusi. Kwa hivyo gari ambayo maisha yake ni Bumala, Busia, foleni, kizuizi, stendi, foleni tena, inachafuka kwa njia ambayo gari ya barabara kuu haichafuki. Watanzania huita ule mngurumo wa kusimama "sailensa". Huku kwetu sailensa ni ile bomba ya moshi, ndio maana fundi wa Mwanza na fundi wa Malaba wanaweza kugombana dakika kumi kabla wajue wanaongea mambo tofauti.

Enzi ya magendo na bisibisi

Rudi miaka ya 70. Mwaka 1971 Idi Amin anachukua serikali Uganda. Mwaka 1972 anafukuza Waasia waliokuwa na maduka na viwanda. Bidhaa zinapotea madukani, shilingi ya Uganda inaporomoka. Julai 1975 baridi kali inaua mikahawa Brazil, na bei ya kahawa duniani inapanda vibaya sana mwaka 1976 na 1977. Mkulima wa Uganda analipwa na serikali yake pesa ambayo haimnunulii hata sabuni, na huku mlimani ng'ambo ya mstari kuna mtu ana pesa za Kenya. Unajua kilichofuata. Chepkube, upande wa Bungoma, ikawa soko la kahawa ya magendo lililotajirisha watu kwa miezi michache. Njia za panya zikawa na shughuli kuliko barabara. Na mwaka huo huo wa 1977, ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyoanzishwa 1967, ikavunjika.

Mizigo ya enzi hiyo ilibebwa na Peugeot, Datsun, Land Rover na lori. Katikati ya miaka ya 70 Kenya ilianza kuunganisha magari yenyewe, Thika, Nairobi na Mombasa. Peugeot 504 ilikuwa mfalme. Ove Andersson alishinda Safari Rally nayo mwaka 1975, na mtu wa kawaida akaona, kama inaweza kupita matope yale, inaweza kunipeleka Malaba.

Karibu gari zote hizo za petroli zilitumia kabureta, na hapa ndipo tabia ya mafundi wetu ilitengenezwa. Kabureta haina akili ya umeme. Hewa ikipita kwa kasi inavuta petroli kupitia vitundu vidogo. Ukiachilia mafuta gari ikasimama, kipepeo cha ndani kinafunga, na injini inabaki kuishi kwa kitundu kimoja kidogo cha pembeni. Kuna skrubu moja ya kuongeza au kupunguza mizunguko, na nyingine ya kurekebisha mchanganyiko wa petroli na hewa. Fundi mzuri aliinama, akasikiza, akazungusha bisibisi robo, akasikiza tena. Hakuhitaji mashine. Masikio yake ndiyo yalikuwa mashine.

Na ilikuwa lazima arekebishe, kwa sababu ya milima. Gari iliyowekwa sawa Mombasa, mita sifuri juu ya bahari, ikipanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700, inakutana na hewa nyepesi. Kabureta haijui. Inaendelea kumwaga petroli ile ile, mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi kupita kiasi, gari inatoa moshi mweusi na kuzima ikisimama. Ikishuka Busia, karibu mita 1,200, inabadilika tena. Kwa hivyo dereva wa masafa alizoea kitu kimoja: gari ikisumbua ikisimama, mwite fundi akaze skrubu.

Hiyo ilikuwa sayansi sahihi kwa gari ya wakati ule. Shida ni kwamba gari zilibadilika, na ule mkono wa kukaza skrubu ulirithiwa.

Japani inaingia bila maelezo

Mwanzoni mwa miaka ya 90 Kenya ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa na ya pesa za kigeni. Viwanda vya kuunganisha magari vikaanza kulia, na bandari ya Mombasa ikajaa gari zilizotumika kutoka Japani, zingine kupitia Dubai. Kwa nini Japani? Wao huendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani uko kulia. Na sheria yao ya ukaguzi inafanya gari kuukuu kuwa mzigo: gari mpya inakaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi una gharama. Mjapani anaona heri auze. Kuna mtu Kakamega anangoja.

Hizi gari zilikuja na kitu kipya kwa fundi wa kijijini: mafuta yanayopulizwa kwa amri ya kompyuta. Bosch walikuwa wameuza mfumo wa umeme wa namna hiyo tangu 1967, na Wajapani wakaukumbatia kwa sababu nchi yao iliweka sheria kali za moshi miaka ya 70. Kompyuta inasoma joto la maji, kiasi cha hewa, pembe ya kipepeo, na hewa ya oksijeni iliyobaki kwa moshi. Gari ikisimama, kifaa kidogo kinapitisha hewa pembeni ya kipepeo ili mizunguko ikae palepale, kwa kawaida kati ya 600 na 800 kwa dakika injini ikiwa imepata joto. Gari mpya zaidi hazina hata kebo. Kipepeo chenyewe kinazungushwa na mota.

Sasa angalia vile historia ilivyogongana. Ile chombo ya kusafisha moshi, kataliti, pamoja na kisoma oksijeni, vyote vinauawa na risasi. Si risasi ya bunduki. Ni ile madini ya risasi iliyokuwa inatiwa kwa petroli tangu miaka ya 1920 ili injini isigonge. Japani ilishaondoa risasi kwa petroli yake zamani. Sisi tuliendelea kuiuza. Nchi za Afrika zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiacha, na ni mpaka mwanzo wa 2006 ndipo Afrika yote kusini mwa Sahara ikawa imemaliza. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lililoendesha kampeni hiyo lina makao yake Gigiri, Nairobi. Nchi ya mwisho duniani kuacha ilikuwa Algeria, 2021.

Hesabu hiyo. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 90 hadi 2005, ni zaidi ya miaka kumi ambayo tulinunua gari zilizotengenezwa kwa petroli safi tukazinywesha petroli yenye risasi. Kisoma oksijeni kikifa, kompyuta inakisia. Kataliti ikiziba, injini haipumui. Fundi akaona hiyo chombo inaleta shida, akaikata akaitupa. Wengine wakaizoea kuikata hata pale ambapo haina shida. Ukisikia mtu akisema "hizi vitu za umeme hazifai Afrika," jua hakuamka tu akasema. Kuna miaka ambayo kweli hazikufaa, na kosa halikuwa la vifaa.

Kugongana kwa pili: lugha. Marekani ililazimisha gari zote za mwaka 1996 kwenda mbele ziwe na soketi ya aina moja ya kusoma makosa. Gari za soko la ndani la Japani hazikufungwa na sheria hiyo. Nyingi za miaka ya 90 zilikuwa na njia zao, na zingine za baadaye zina soketi ya umbo lile lile lakini mashine ya bei rahisi haiongei nazo vizuri. Fundi anachomeka mashine, haioni kitu, anasema gari haina makosa. Kumbe Toyota ya miaka ya 90 unaisoma kwa kipande cha waya: unaunganisha tundu la TE1 na E1 kwa kile kisanduku chini ya boneti, unawasha swichi, na taa ya injini inamulika kwa hesabu. Namba 22 ni kisoma joto la maji. Namba 31 ni kisoma hewa. Hiyo ilikuwa imeandikwa kwa kitabu cha gari. Kitabu kilikuwa kwa Kijapani.

Kugongana kwa tatu ni sheria ya umri. Kiwango cha Kenya, KS 1515 cha mwaka 2000, kinasema gari isizidi miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza. Uganda iliruhusu gari kuukuu zaidi, mpaka 2018 ilipopiga marufuku zile za miaka 15 na zaidi. Ndio maana ukikaa kando ya barabara Malaba unaona gari ambazo Kenya hazingesajiliwa zikielekea Kampala, baada ya kuendeshwa zaidi ya kilomita 900 kutoka Mombasa. Na mpaka una mashimo: spea za Kisekka, Kampala, zinakuja huku, za Kirinyaga Road, Nairobi, zinaenda kule. Koili uliyouziwa Busia inaweza kuwa imetoka gari ya nchi yoyote.

Angalia vizuri sheria zote mbili. Zinahesabu miaka. Hakuna inayomwambia mnunuzi oili ilibadilishwa lini. Gari inafika ikiwa na cheti cha ukaguzi lakini bila maisha yake. Ni kama kuandika mtu kazi kwa kuangalia kitambulisho peke yake.

Mafuta ya nani?

Kuna historia moja zaidi, na hii iko kwa tangi. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa kodi kidogo kwa makusudi, ili mtu maskini apike na awashe taa. Nia nzuri. Lakini wakati lita ya mafuta ya taa iko chini sana kuliko dizeli na petroli, mchuuzi anapata akili mbaya: changanya. Septemba 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuziba hiyo tofauti. Biashara ya kuchanganya ikapata pigo. Mama wa jiko la mafuta ya taa naye akapata pigo, na hakuwa amechanganya chochote.

Mpakani kuna kishawishi cha ziada. Bei ya Kenya na ya Uganda hazilingani, na zinapishana kila wakati. Upande wenye nafuu unalisha mwingine kwa mitungi, na ile petroli ya chupa kando ya barabara haina risiti. Mafuta ya taa ndani ya petroli hayageuki mvuke kwa urahisi na yanafanya injini igonge. Asubuhi gari inakataa kuwaka, ikiwaka inatetemeka, plagi zinavaa masizi, na ukienda mbio inaonekana imepona. Ukipeleka gari hiyo kwa fundi bila kumwambia ulijaza wapi, unamwomba awe mganga.

Jamaa wa Probox

Kuna jamaa anaendesha Probox barabara ya Busia. Gari yake ilianza kuzima kila akisimama kuchukua abiria. Fundi wa kwanza alikaza kila kilichokazika, akainua mizunguko mpaka gari ikawa inalia ikisimama na kunywa mafuta kama lori. Fundi wa pili akasema injini imekwisha, kuna moja ya Japani iko sawa. Jamaa alikuwa tayari ameanza kuuliza mkopo kwa chama. Mkopo wa injini kwa mtu wa Probox ni karo ya watoto, ni kodi ya nyumba, ni yote.

Fundi wa tatu, mzee aliyeanza kazi enzi za kabureta, hakugusa spana. Aliuliza. Inazima baridi ama moto? Moto. Sindano inacheza ama imetulia? Inacheza. Breki je, siku hizi iko ngumu kidogo? Jamaa akanyamaza, kwa sababu ndiyo, ilikuwa ngumu. Mzee akafuata ile mpira inayotoka kwa injini kwenda kwa breki, akasikia "ssss". Ilikuwa imepasuka. Hewa ilikuwa inaingia kwa injini bila kupitia mlangoni. Mpira mmoja. Injini ilikuwa nzima.

Nataka mwone kilichotokea hapo. Mzee hakushinda kwa sababu ana mashine. Alishinda kwa sababu masikio ya enzi ya bisibisi aliyaongezea maarifa ya enzi ya kompyuta. Wa kwanza alikuwa na urithi bila maarifa mapya. Wa pili alikuwa na biashara.

Maswali kabla ya boneti

Hii ndiyo orodha ambayo ningetaka kila mtu aliye na gari kuukuu ajue.

Inasumbua ikiwa baridi ama ikiwa moto? Baridi peke yake, angalia kisoma joto la maji, plagi, na kile kifaa cha kupitisha hewa. Kwa kabureta, angalia choki. Moto peke yake, angalia koili na vile visoma vinavyochoka kwa joto.

Sindano inafanya nini? Kama imetulia kwa 700 lakini mwili wa gari unatetemeka, pengine ni raba zinazoshikilia injini, mauntingi. Kama inapanda na kushuka, tafuta hewa inayovuja ama kipepeo kichafu. Kama kuna mdundo mmoja usiokoma, silinda moja inamisi.

Ukiwasha AC ama taa kubwa, inazima? Basi injini inashindwa kujiongezea hewa ikibebeshwa mzigo. Kusafisha kipepeo na njia yake ya hewa ni rahisi kuliko injini.

Ulijaza mafuta wapi mara ya mwisho, na shida ilianza lini? Linganisha tarehe.

Nani aliigusa mwisho? Betri ikitolewa ama kipepeo kikisafishwa, kompyuta za gari nyingi zinasahau zilichojifunza na zinahitaji kufundishwa upya. Gari inaweza kuzima siku moja ama mbili bila kuwa mbovu.

Kujua silinda gani inamisi, gari ikinguruma, chomoa plagi ya umeme ya kipuliza mafuta moja moja. Ile ambayo ukichomoa hakuna kinachobadilika, ndiyo hiyo. Usivute waya za plagi za moto kwa mkono, huo umeme utakurusha. Kutafuta hewa inayovuja, tumia sikio na maji ya sabuni kidogo kwa mipira. Usinyunyize petroli kwa injini ya moto, tafadhali. Na usiache gari inguruma ndani ya karakana iliyofungwa, ule moshi unaua bila harufu ya kukuonya.

Na la muhimu kuliko yote: mtu akikwambia injini imekwisha, mwambie apime kompresheni ya kila silinda kwa geji, mbele yako, aandike namba. Silinda zote zikiwa juu na karibu sawa, bado kuna injini hapo. Akikataa kupima, unajua anauza nini.

Mwisho wa maneno

Tunapenda kulaumu. Tunalaumu gari za Japani, tunalaumu mafundi wa jua kali, tunalaumu dereva. Mimi naona mafundi wa Busia na Malaba wamefanya kazi ngumu kuliko fundi yeyote wa Tokyo. Walipewa gari zisizo na rekodi, vitabu wasivyoweza kusoma, petroli yenye risasi na baadaye yenye mafuta ya taa, na foleni isiyoisha. Wengi walijifunza bila darasa. Wanachohitaji sasa si matusi mtandaoni. Wanahitaji mafunzo ya kweli ya kusoma hizi kompyuta, kwa Kiswahili, na mteja anayejua kujibu maswali.

Serikali inaweza kubishana miaka nane ama kumi na tano. Wewe leo nunua daftari ya shule, weka kwa dashibodi. Andika tarehe, kilomita, oili, plagi, umejaza mafuta wapi, nani aligusa nini. Siku gari itatetemeka pale kizuizini, fundi wa kwanza atakuwa na kitu cha kusoma kabla ya kukutajia bei ya injini.